Nani Kamkataa Matroni?

Matroni wa bweni la wasichana alimpita Mama Mapazia ndani ya duka la vitambaa kama anayepita nguzo ya umeme. Si kwamba hakumwona. Alimwona vizuri sana, akayahamisha macho kutoka usoni mwake mpaka kwenye jora la kitambaa cha kijivu, akauliza bei kwa sauti, ingawa muuzaji alikuwa amempa mgongo.

"Matroni! Wewe! Hata salamu?"

"Salamu si ndizo hizo nilizokuandikia?" Matroni akajibu huku akiligeuza jora kama anayetafuta kasoro. "Mara ya kwanza nikasema labda nimekosea mimi. Mara ya pili nikakaa kitako, nikavaa miwani, nikaandika kila kitu upya. Nikaambiwa haupatikani. Basi, mtu asiyepatikana nisimsumbue."

"Nani kakwambia sipatikani?"

"Duka lako hilo la kwenye simu. 'Ukurasa haupatikani.' Miaka yote hii unanishonea, leo nafungiwa mlango usoni. Na niliyokuandikia hayakuwa ya mapazia tu."

Dukani pakatulia, ule utulivu wa watu waliotega masikio. Mama Mapazia aliujua vizuri, maana mwenyewe alikuwa bingwa wake. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipimiwa lesi alisogea karibu ili asipitwe na neno.

"Hata dada yangu kaambiwa hivyohivyo," akatia petroli. "Tukadhani mmefunga. Wengine wanasema umepata wateja wakubwa, sisi wa pazia mojamoja hututaki tena."

Mama Mapazia alicheka. Kilikuwa kicheko kile cha kuziba aibu, kinachoanza kabla ya wakati wake na kuisha mapema mno. Alikuwa amekuja kununua kitambaa cha bitana. Alitoka mikono mitupu, na alipofika barabarani ndipo akakumbuka kwamba mwavuli wake ameuacha umening'inia kwenye kaunta. Hakurudi kuuchukua. Afadhali anyeshewe.

Tangu walipoacha fremu ya barabara kuu kwa sababu ya kodi, kazi yote ilihamia nyumbani, na wateja wakawa wanaagiza kupitia tovuti aliyoitengeneza mkwe wake, mke wa mwanawe mdogo. Mama Mapazia hakuipenda tovuti siku za mwanzo. Duka gani mtu haingii, haketi, hasemi habari za mtoto wake? Lakini oda ziliingia, akanyamaza. Sasa duka hilohilo lilikuwa linatukana watu kwa jina lake.

* * *

Chumba cha kushonea kilikuwa zamani sebule. Makochi yalisukumwa mpaka ukutani, yakabebeshwa vitambaa, na mgeni akija ilibidi kwanza ahamishiwe shuka ndipo apate pa kukaa. Katikati, mahali pa heshima, ilisimama mashine ya kudarizi, kubwa, ya rangi ya maziwa, yenye sindano zake zilizopangwa kama meno. Ndiyo iliyotia nembo za shule, majina ya hoteli na maua ya maharusi. Bila hiyo wangekuwa mafundi kama mafundi wengine wote wa mtaa.

"Mama, tovuti imeoza," alisema mwanawe mkubwa baada ya kusikia habari za dukani. Nyumba nzima ilimwita Dereva, kwa sababu ya pikapu aliyosambazia mapazia. "Nimesema tangu lini? Kila siku mteja mmoja analalamika. Yule kijana niliyeongea naye anatutengenezea mpya, ya kisasa. Anataka malipo ya mwanzo tu."

"Tuyatoe wapi?"

Dereva aliitazama mashine ya kudarizi, kisha akaangalia dirisha, kama kwamba macho yamepita pale kwa bahati mbaya.

"Uuze mkono wangu wa kulia kwanza," akasema Fundi Kicheko, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya mashine hiyo kwa miaka mingi kiasi kwamba kiti chake kilikuwa kimechukua umbo lake. Kwa kawaida mama huyu hakumaliza sentensi bila kucheka. Safari hii alimaliza.

"Sasa nifanyeje?" Dereva akauliza. "Mnunuzi yupo, kesho kutwa yuko tayari kuja na gari. Bila wateja, hiyo mashine mtadarizi nini nayo? Vitambaa vya meza vyenu?"

"Hebu tuone kwanza hilo kosa lenyewe," Mama Mapazia akasema. "Agiza kitu."

Dereva akatoa simu, akaandika: pazia moja, jaribio. Akabonyeza. Simu ikamjibu kwa adabu zote: asante, oda yako imepokelewa.

"Mbona inafanya kazi?"

"Ndio uozo wenyewe huo! Leo inafanya, kesho haifanyi. Kitu cha hivyo kinatupwa."

Mkwe alirudi kutoka kazini akawakuta bado wanabishana. Alifanya kazi kwenye ofisi ya maji, kutunza kompyuta zao, na alikuwa mwanamke wa maneno machache katika nyumba ya maneno mengi, jambo ambalo mama mkwe wake alikuwa hajaamua kama ni tabia njema au ni ugonjwa. Mumewe alikuwa mbali kwenye mradi wa barabara. Alitua mkoba, akamsikiliza Mama Mapazia mpaka mwisho, pamoja na habari za lesi, za mwavuli, na za jinsi muuzaji alivyojifanya anapanga vifungo.

"Pole, mama," akasema. "Alikwambia ameona maneno gani hasa?"

"Kwamba nimemfungia mlango."

"Hayo ni ya kwake. Maneno ya kwenye kioo cha simu."

"Ukurasa haupatikani."

"Aliyaona alipofungua, au alipokuwa anatuma?"

Mama Mapazia akafikiri. "Aliandika kila kitu kwanza. Alipotuma."

Mkwe akafungua kompyuta yake mpakato juu ya meza ya kukatia, akasukuma mkasi pembeni. Dereva akaja kusimama nyuma yake. "Shemeji, izime tu uiwashe. Kazini kwenu si ndivyo mnavyofanya?"

"Nikizima nikawasha, likitulia sitajua lilikuwa nini. Litarudi."

"Basi futa hiyo fomu uiandike upya."

"Nifute nini, shemeji, na sijui kilichoharibika?"

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshakunywa. Lakini Mama Mapazia alilisikia jibu lile likigonga mahali fulani ndani yake. Ni hayohayo aliyokuwa akiwaambia mafundi wanafunzi kila pazia linapokaa upande: weka mkasi chini, anza kupima kwenye fimbo ya kuning'inizia.

"Sasa utafanya nini, mwanangu?"

"Nitaiambia seva ifuatilie. Seva ndiyo kompyuta inayoihifadhi tovuti yetu, mama. Ichukulie kama nyumba. Oda ya mteja inaingia getini, inaulizwa maswali, inapita barazani, inafika kwa fundi, inarudi na jibu. Siku zote seva inaandika mstari mmoja tu: fulani alikuja, akakataliwa. Sasa naiambia, kila atakayekataliwa niandikie safari yake yote. Alipita kwa nani, huyo alimwambia nini, akampeleka kwa nani, na ni yupi hasa aliyemrudisha."

Mama Mapazia akapiga makofi mara moja. "Kumbe ni kufuatilia umbea!"

"Eh?"

"Fundi, unakumbuka waliposema umekamatwa umeiba vifungo vya watu? Nilimshika wa kwanza: wewe ulisikia kwa nani? Kwa fulani. Nikaenda kwa fulani: na wewe? Nikapanda mdomo kwa mdomo mpaka nikaufikia mdomo wenyewe."

"Ukaufikia kweli," Fundi Kicheko akasema, na kicheko kikamrudia. "Mpaka leo mwenye mdomo huo akiniona anavuka barabara."

Mkwe akatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, lakini Mama Mapazia alilihesabu. "Ni hivyohivyo, mama. Ila ya jana siwezi kuyafuatilia, maana nilikuwa sijaiwasha. Lazima mtu akataliwe tena."

* * *

Shida ni kwamba hakuna aliyekataliwa.

Asubuhi yote iliyofuata nyumba nzima iliagiza mapazia. Dereva aliagiza pazia moja, kisha mawili, kisha kwa hasira akaagiza moja tena. Fundi Kicheko aliagiza pazia la choo cha jirani, "maana kwa kweli analihitaji." Mtu wa kupeleka maji alipita, naye akapewa simu akaagiza. Zote zikapokelewa. Mkwe, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, akafungua sehemu ambayo seva ilitakiwa kuweka taarifa zake. Palikuwa patupu kama sahani iliyokwisha kulambwa.

"Mtego wako haujakamata mtu, shemeji," Dereva akasema.

"Bado."

"Kesho mnunuzi anakuja, wewe unasema bado."

Mama Mapazia akachukua simu yake, akatoka nje kwenye kibaraza, akasafisha koo. Kumpigia mtu aliyekuaibisha mbele za watu ni kazi. Alizunguka ndoo ya maji, akarudi, akapiga.

"Matroni wangu. Najua umenikasirikia."

"Mimi? Sina neno na mtu."

"Nakuomba kitu kimoja tu. Agiza tena. Sasa hivi, kwenye duka letu hilo la simu. Likikukataa, tumkamate anayekukataa."

"Kwa hiyo mimi ni chambo."

"Wewe ni mteja wangu wa kwanza kabisa, na ninakuomba."

Matroni akashusha pumzi ndefu na kukata simu bila kuaga. Muda si muda kompyuta ya mkwe ikalia kengele ndogo. Oda imeingia. Imepokelewa, salama salimini, kutoka bweni la wasichana.

Simu ya Mama Mapazia ikaita papohapo. "Kumbe inafanya kazi!" Sauti ya Matroni ilisikika mpaka kwenye mashine. "Mimi namaliza siku nzima nalaumu mtambo, kumbe mtambo hauna shida. Ni wewe ulikuwa hutaki kuniona. Ulipotaka, umefungua."

"Matroni, naapa—"

"Usiape. Shona mapazia." Akakata.

Mama Mapazia alirudi ndani akakaa juu ya rundo la shuka. Dereva hakucheka, hata yeye aliona kwamba hapo si pa kucheka. Fundi Kicheko alikuwa anaifuta mashine kwa kitambaa laini, polepole, jinsi mtu anavyomfuta uso mgonjwa. Kwa mara ya kwanza tangu jana Mama Mapazia alimtazama mkwe wake kwa jicho la mashaka. Labda Dereva hajakosea. Labda huyu mtoto anajua kompyuta za ofisi ya maji, za watu wa suti, lakini hii ya nyumbani imemshinda, na anaona haya kusema.

Mkwe alikuwa hajainua uso. "Mama, njoo usome alichoandika Matroni. Unisaidie."

"Nikusaidie mimi?"

"Wewe ndiye unayemjua."

Akasogea, akainama kwenye kioo. Kulikuwa na kisanduku ambacho yeye mwenyewe ndiye aliyekidai, majuma machache nyuma: mahali pa mteja kuandika salamu na maneno yake. Alikuwa amemganda mkwe jikoni mpaka akapewa. Ndani ya kisanduku hicho Matroni alikuwa ameandika: "Mapazia kama ya mwaka jana. Haraka."

Akasoma mara mbili. Hilo lilimuuma kuliko ya dukani.

"Huyu si Matroni," akasema.

"Si yeye?"

"Ni yeye, lakini amekasirika. Matroni akikuandikia, anaanza kuulizia watu wote wa nyumba hii, mmojammoja, mpaka paka. Anakusimulia goti lake. Anakupa dirisha la kwanza lilivyo, la pili lilivyo, na nani alivunja kioo cha la tatu. Hapa kaniandikia kama anayeandikia bohari." Kitu kilikuwa kinamtekenya kichwani. "Na ninyi nyote mlioagiza toka asubuhi mmeandika nini? 'Jaribio.' 'Pazia moja.' Hakuna hata mmoja aliyeagiza kama mtu anayenipenda."

Mkwe aligeuka akamtazama. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya kompyuta.

"Mama," akasema taratibu, "nani anakupenda zaidi?"

* * *

Mkunga mstaafu alikuwa amezalisha nusu ya mtaa, Dereva naye alizaliwa mikononi mwake, na alikuwa haandiki ujumbe; alikuwa anaandika barua. Akikutakia usiku mwema ulikuwa unaweza kulala na kuamka kabla hajafika kwenye jina lake. Alipoambiwa kwamba anatakiwa kuagiza pazia na kuweka salamu zake zote bila kubana, alifurahi kama aliyepewa kipaza sauti.

"Nisibane?"

"Usibane, dada yangu. Andika kama siku zote."

"Basi nipe nafasi, kidole changu hiki hakina mbio."

Na kweli hakikuwa na mbio. Siku ya pili mnunuzi wa mashine alifika na gari na kamba zake, na kidole cha mkunga kilikuwa bado kiko njiani. Mnunuzi alikuwa mtu wa heshima, aliyevua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Akaizunguka mashine, akainama kuangalia chini yake, akauliza kama imewahi kufunguliwa.

"Kwanza chai," akasema Fundi Kicheko.

"Nimekunywa, mama."

"Ya kwenu. Hii ni ya kwetu." Akahamisha shuka, akamkalisha, akamletea kikombe kilichojaa mpaka ukingoni ili asiweze kukinywa upesi. Halafu akaanza kumweleza historia ya mashine ile, sindano moja baada ya nyingine. Alipofika sindano ya nne, mnunuzi alikuwa ameanza kuangalia saa, na Dereva alikuwa amesimama mlangoni akiisokota kamba mkononi bila kujua kwamba anaisokota.

"Mama, mtu asubirishwe mpaka lini?"

"Mpaka anywe chai."

"Chai ya tatu hiyo!"

Simu ya Mama Mapazia ikaita. Ilikuwa sauti ya mkunga, yenye masikitiko makubwa. "Mwenzangu, nimemaliza. Nimetuma. Kinaniambia ukurasa haupatikani. Maneno yangu yote yale!"

Mama Mapazia aliruka juu kama msichana. "Amekataliwa!" akapiga kelele. "Mkwe! Amekataliwa!"

"Hongera," akasema mnunuzi, ambaye hakuelewa, lakini aliona watu wamefurahi.

Mkwe alikuwa ameshafungua. Pale palipokuwa patupu sasa palikuwa na taarifa moja. Akaifungua, na mistari ikamwagika kwenye kioo, mingi, midogo, kila mmoja na saa yake. Wote wakajazana nyuma yake, Dereva na kamba yake, mnunuzi na kikombe chake. Mkwe hakukimbilia mwisho. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akashuka nao, mmoja baada ya mwingine, na Mama Mapazia aliyekuwa karibu alisikia anavyonong'ona: imepokelewa, sawa, imetoka kwa mkunga, sawa, imefika getini.

Kidole kikasimama.

"Hapa."

"Hapa nini?"

"Haikufika kabisa kwenye tovuti. Shemeji, tovuti yetu haijawahi hata kuiona hii oda. Imerudishwa getini." Akaonyesha. "Namba hii kubwa ndiyo anayoambiwa mteja: haupatikani. Lakini pembeni yake kuna kijinamba ambacho mteja haonyeshwi. Hicho ndicho sababu yenyewe. Kinasema maneno yaliyobandikwa kwenye anwani ni marefu kupita kipimo cha mlinzi, ile sehemu ya seva inayokagua oda getini."

"Kwenye anwani?" Dereva akauliza.

Mkwe aliegemea kiti. Uso ulikuwa umemwiva. "Kosa ni langu. Mama alipotaka kisanduku cha salamu nilikuwa na haraka, nikanakili kile cha kutafutia rangi za mapazia. Cha kutafutia kinabandika neno nje ya bahasha, pamoja na anwani. Neno moja, kijani, bluu, halina shida. Lakini salamu za watu nazo zikawa zinabandikwa hukohuko nje. Mtu wa maneno mawili anapita. Mwenye vipimo vya madirisha yote na salamu za nyumba nzima, anwani yake inakuwa ndefu kama pazia, mlinzi anasema huyu simwelewi, rudi."

"Kwa hiyo," Mama Mapazia akasema, akiyapanga maneno kama anayepanga malinda, "wasionijali wamepita wote. Walionijali ndio wamerudishwa."

"Ndiyo, mama."

"Toka siku nilipokukalia kooni nikitaka kisanduku."

"Ndiyo. Na mimi nikakifanya vibaya."

"Tumekifanya wote wawili, basi. Usijibebeshe peke yako."

Dereva alikuwa ameshapata dawa. "Rahisi! Andika pale: mwisho maneno kumi."

Mama Mapazia alimgeukia kwa namna iliyomfanya mnunuzi ashushe kikombe. "Mimi nimwambie mtu aniulize hali kwa maneno kumi? Mkunga aliyekuvuta wewe kichwa?"

"Basi mwambie mlinzi apunguze ukali," akajaribu tena.

"Mlinzi hana kosa," mkwe akasema. "Hiyo ni kazi yake, kuna watu wabaya wanaokuja na anwani ndefu kwa makusudi. Nikimlegeza yeye kwa sababu ya kosa langu, nimefungulia wote. Salamu ndizo ziingie ndani ya bahasha, mahali pake. Humo ziwe ndefu tu."

Akaanza. Haikuwa kazi kubwa, na ndicho kilichomshangaza Mama Mapazia. Siku zote hizi za kusubiri, za kuwa na sahani tupu, za kuchekwa na shemeji yake, na sasa mkono unabadilisha mahali pamoja tu, kama fundi anayefumua mshono mmoja uliovuta pazia zima, akaiacha mingine yote jinsi ilivyo. Mwingine angekata kitambaa. Mwingine angeuza mashine. Alimtazama mkwe wake shingoni, nywele zilivyomtoka kwenye kilemba, akajisikia fahari ambayo hakuwa na pa kuiweka. Akaiweka begani mwa mkwe, kwa mkono wake, akauacha pale.

"Mkunga ajaribu tena," mkwe akasema.

"Aandike tena yote?"

"Hapana, mama. Yako hapa. Kwa kuwa yalibandikwa nje, seva imeyanakili pamoja na safari yake." Akavivuta vipande, akavisafisha, na salamu za mkunga zikatokea nzima, na mwisho wake kabisa, kama jambo aliloletewa na upepo, pazia moja la jikoni. "Nitamtumia. Abandike na kutuma tu."

Mkunga akabandika, akatuma. Kengele ndogo ya kompyuta ikalia.

Fundi Kicheko alicheka mpaka akashika mashine asianguke. Mnunuzi alimaliza chai yake, akavaa viatu, akasema bila kinyongo kwamba hata yeye asingeiuza. Halafu akauliza kama wanaweza kumtilia jina la binti yake kwenye mashuka ya harusi. Aliambiwa aagize kwenye simu, na asibane. Dereva alimsindikiza mpaka garini, akamrudishia kamba yake. Aliporudi alivuta stuli, akakaa karibu na meza ya kukatia.

"Shemeji, hiyo ya kufuatilia inawashwaje? Nionyeshe. Ukiwa kazini mimi nitaitazama."

Mkwe akamsogezea kompyuta.

* * *

Kwa Matroni hapakuwa na haja ya kwenda na maelezo marefu. Mama Mapazia alimpigia, akamwambia: mlinzi alikuwa anakataa wanaonipenda, tumemkamata, niandikie tena. Matroni akasema ataona, na kwamba yeye ana kazi. Siku ikapita, na nyingine. Mama Mapazia akajifanya hajali. Lakini kila kengele ile ndogo ilipolia, mguu wake uliacha cherehani.

Ilikuja mchana, mvua ikiwa imeshika. Mkwe, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, aliitazama oda kwenye kioo, akaanza kuteremka nayo, akateremka, akateremka. Mwisho hakuufikia haraka.

"Mama. Bweni la wasichana."

"Anasema nini? Anataka mapazia mangapi?"

"Mapazia yako chini kabisa. Anaanza na lawama."

"Ndiyo mwenyewe huyo!"

"Halafu anauliza hali ya Dereva, ya Fundi, ya mume wangu huko barabarani. Anauliza paka." Mkwe akapunguza sauti kidogo. "Halafu anasema anastaafu, mama. Muhula huu ndio wa mwisho. Ndiyo aliyotaka kukwambia zile mara mbili. Wamejenga bweni jipya, wakamwambia achague kitu kimoja cha kuwaachia kama kumbukumbu, amechagua mapazia, yenye nembo. Anasema alitaka uyajue wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Na mwavuli wako anao yeye."

Mama Mapazia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa kilichokuwa chini ya sindano, kitambaa cha mtu. Fundi Kicheko alikuwa ameshaiwasha mashine ya kudarizi, lakini akaizima tena ili wasikie.

"Usinipunje," Mama Mapazia akasema, akijiweka sawa kwenye kiti. "Rudi juu. Anzia kwenye lawama."